MASHINE HAIJUI DEBE LA KYELA

Mpunga wa Bondeni unapoanza kutoka mashambani, kuanzia mwezi Mei, mnunuzi makini hufungua daftari kabla hajatafuta magunia na lori. Ndani ya daftari hilo ndimo mtaji wa msimu mzima hulindwa au hupotea. Siku hizi daftari linaanza kuhamia kwenye kompyuta, na anayetengeneza programu yake aweza kuwa kijana wa hapo hapo mjini, anayeielekeza akili mnemba iandike kazi ambayo zamani ingemchukua mtaalamu wiki kadhaa.

Kwa mfanyabiashara wa Kyela, Ipinda au Kasumulu hizo ni habari njema, kwani gharama za kutengenezewa programu zilikuwa kikwazo cha miaka mingi. Hata hivyo, wengi wanaingia katika jambo hili kwa mlango wa nyuma. Mwenye mali humwambia kijana, "Nataka programu ya stoo na mauzo." Kijana naye huiambia mashine maneno hayo hayo. Baada ya saa chache programu ipo, ina rangi nzuri na inatoa risiti. Mwenye mali hulipa, na hasara huanza siku hiyo.

Chukulia mfano wa mwenye mashine ya kukoboa anayenunua mpunga debe 200. Hakuna aliyeieleza akili mnemba debe la Bondeni lina uzito gani, hivyo inachagua yenyewe. Tuseme imeandika kilo 16 kwa debe, uzito unaokaribia ule wa debe la mchele uliokwisha kobolewa. Debe la mpunga wenye maganda ni jepesi zaidi, takriban kilo 12. Programu itaonyesha kilo 3,200 zimeingia stoo, wakati mizani ingeonyesha kilo 2,400. Ukikobolewa na kutoa asilimia 65, kompyuta itadai kilo 2,080 za mchele, lakini zilizopo ni kilo 1,560. Kilo 520 zimepotea, nazo hazikuwahi kuwapo! Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,500 kwa kilo, hiyo ni shilingi 1,300,000. Atakayeitwa mwizi ni kijana wa stoo.

Kosa hilo si la mashine peke yake. Akili mnemba hufanana na karani mpya mwenye mwandiko mzuri na mwendo wa kasi, ambaye hajawahi kufika Bondeni. Asipoambiwa jambo, mara nyingi hubuni jibu linalofanana na ukweli na kuendelea na kazi. Karani wa kibinadamu angeuliza, "Bosi, debe la mpunga au la mchele?"

Wenye viwanda vya programu duniani wamekwisha kukutana na tatizo hilo. Mwezi Februari 2025 mtaalamu Andrej Karpathy alivipa jina la Kiingereza vitendo vya kuiachia mashine iandike bila mwenye kazi kusoma kilichoandikwa, na mtindo huo ukaenea haraka. Mwaka huo huo upepo ulianza kugeuka. Mwezi Julai kampuni ya Amazon ilionyesha chombo chake kiitwacho Kiro, na mwezi Septemba GitHub ilitoa Spec Kit. Vyote viwili vinafuata utaratibu mmoja: kwanza iandikwe hati ya mahitaji, kisha mpango wa utekelezaji, kisha kazi igawanywe vipande vidogo, ndipo mashine iandike kipande kimoja kimoja huku kikikaguliwa.

Utaratibu huo si mgeni kwa wafanyabiashara. Anayejenga ghala hampi fundi fedha na kumwambia "nijengee kitu kizuri". Hutaja urefu, upana, idadi ya milango na unene wa sakafu, na hulipa kwa hatua. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo huagiza daftari la fedha zake kwa sentensi moja.

Hati ya mahitaji haihitaji Kiingereza wala elimu ya kompyuta. Inahitaji mtu anayeijua biashara, na huyo ni mwenye mali mwenyewe. Sharti moja ni kwamba kila mstari uweze kupimwa. Kuandika "programu iwe sahihi" hakusaidii kitu. Kuandika "mpunga usipokelewe bila kilo za mizani, mtu akiingiza debe tu, programu ikatae" kunasaidia, maana yeyote aweza kujaribu na kuona kama imekataa. Aidha, mstari huo unalingana na msimamo wa Wakala wa Vipimo, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukipiga vita lumbesa na vipimo vya kukadiria.

Yapo maswali ambayo Bondeni pekee inaweza kuyajibu. Mteja wa kutoka Malawi akilipa kwa kwacha pale Kasumulu, hesabu ifuate kiwango cha siku ya mauzo au cha siku ya kubadilisha fedha? Umeme ukikatika kabla risiti haijatoka, mauzo yahesabiwe au yafutwe? Mkulima aliyechukua fedha ya mbolea kabla ya mavuno akatwe kwanza au alipwe kwanza? Kila swali lisilojibiwa kwenye karatasi litajibiwa na mashine kwa kubahatisha.

Kwenye kakao uzito wa jambo hili huongezeka. Zao hilo Kyela limewekwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, wenye sheria yake ya mwaka 2005, na mkulima hupeleka mzigo kupitia chama chake cha msingi. Kilo 100 za kakao mbichi hubaki takriban kilo 40 zikikaushwa vizuri, na unyevu ukizidi asilimia 8 ukungu hunyemelea. Programu ya chama isiyotofautisha mbichi na kavu, au inayokata unyevu mara mbili, itamnyima mkulima jasho lake bila mtu yeyote kuiba.

Wapo wanaosema kuandika hati ni kupoteza muda, kwa kuwa mashine inaweza kurekebishwa baadaye. Hoja hiyo ina ukweli kwa programu ya kuchezea. Kwa daftari la fedha, marekebisho ya baadaye huja baada ya wakulima kulipwa pungufu na mizigo kusafirishwa. Kurasa tatu zinatosha kwa stoo ya kawaida, na jioni mbili za kukaa pamoja na kijana zinatosha kuziandika. Hati ndefu mno nayo ina hasara, maana hakuna atakayeisoma, na mashine yenyewe huweza kuruka baadhi ya mistari.

Hatari nyingine ni kuiachia mashine ijaribu kazi yake yenyewe. Ikiamini kwamba debe la mpunga ni kilo 16, itatunga pia majaribio yanayosema kilo 16, na yote yatafaulu. Hiyo ni kesi ya ngedere kwa hakimu nyani. Kipimo cha kuaminika ni daftari la msimu uliopita. Ziingizwe siku kumi za manunuzi ambayo jumla zake zinajulikana, zikiwemo siku mbaya zenye madeni na mizigo iliyorudishwa. Jumla zisipolingana, kazi haijakwisha, hata kama kijana anasema imekwisha.

Katika majaribio hayo majina na namba za simu za wakulima yabadilishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu hata mfanyabiashara mdogo anayetunza taarifa za watu, na vyombo vingi vya akili mnemba hufanyia kazi mitambo iliyo nje ya nchi.

Kwa hiyo malipo yafuate hatua. Sehemu ya kwanza itolewe hati ikisainiwa na pande zote mbili, nyingine kila kipande kinapokaguliwa, na ya mwisho jumla za daftari zikilingana. Mwekezaji mdogo anayeombwa kuchangia mtaji katika ghala au mashine ya kukoboa naye ana haki ya kuomba kuiona hati hiyo kabla hajatoa fedha. Mwenye mradi asipoweza kueleza kwenye karatasi debe lake lina kilo ngapi, hata mizani mpya haitamsaidia.