Beni si Mwigo

Wako wenzetu vyuoni wasemao kwamba mchezo ambao watu huvaa majina, mavazi na vyeo visivyo vyao, wakaishi kwa muda katika ulimwengu waliojitungia, ni upuuzi ulioletwa na vijana watazamao filamu za ng'ambo. Neno hili nililisikia si zamani katika kikao kimoja. Wanafunzi kadhaa walikuwa wameomba idhini ya kuendesha mchezo wa namna hiyo kwenye mkutano wa wapenzi wa hadithi za picha, kisha wauandikie maelezo kama kazi yao ya tamthilia. Ombi lilikataliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo usio na maandishi wala jukwaa wala watazamaji si tamthilia. Pili, jambo hilo halina asili kwetu. Sababu ya kwanza ni dhaifu. Ya pili ni uwongo, na kwa mtu wa Tanga ni uwongo unaouma.

Tanga ilikuwa na beni. Mchezo huu ulianza katika miji ya mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890, ukapata jina lake kwa bendi za kijeshi, na kabla ya vita vya 1914 ulikuwa umekwisha kuingia Tanga na Dar es Salaam. Vyama viwili vilishindana: Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na wakubwa wake, majenerali wake na maofisa wake, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mtu aliyekuwa hamali bandarini au mpishi wa Mzungu, siku ya ngoma alikuwa jenerali, akipigiwa saluti na safu ya watu waliojua amri barabara. Hapakuwa na maneno ya kukariri. Hapakuwa na viti vya watazamaji pia, kwa sababu aliyesimama kando alikuwa na upande wake, na huenda kesho yeye mwenyewe akawa safuni.

Itazame kazi ya waendeshaji. Cheo apewe nani? Mavazi yashonwe kwa fedha ya nani? Wageni wa chama kutoka mji mwingine walale wapi, wale nini? Maandamano yapite njia ipi, ili pande mbili zikutane kwa nyimbo zisikutane kwa fimbo? Yeyote aendeshaye mchezo kama huu leo, popote duniani, hupambana na maswali ya jamii hiyo. Lakini mwendeshaji wa beni alikuwa na mzigo wa ziada, maana mchezo wake haukwisha jua lilipokuchwa. Mwanachama aliyekufa alizikwa na chama, na aliyesafiri alipokewa na chama katika mji asikokuwa na jamaa. Bibi yangu, aliyekulia Ngamiani, alimwita jirani yake kwa cheo chake cha beni mpaka mzee huyo alipofariki. Jina alilopewa na wazazi wake mimi nililisikia mara ya kwanza matangani.

Nitaambiwa kwamba beni ilikuwa kuwaiga Wazungu tu. Hoja hii imerudiwa mara nyingi hata wengi huipokea bila kuipima. Mwigaji hutaka adhaniwe kuwa ndiye yule amwigaye. Jenerali wa Marini hakumdanganya mtu yeyote Tanga, wala hakukusudia. Ushindani wake haukuwa na Mjerumani. Ulikuwa na Arinoti, ambao walivaa mavazi ya namna ile ile, na ulihusu nani mwungwana na nani mgeni, nani kalisha watu na nani kaaibika. Tena Mjerumani alipoondoka, vyeo vya Kijerumani vilipisha vya Kiingereza, na mchezo ukaendelea. Kitu kinachobadilishwa kwa wepesi namna hiyo kilikuwa vazi. Mwili ulikuwa mwingine. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliuchukua mwili huo hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na jamaa zake, mganda na malipenga, wangali wanachezwa pwani za Ziwa Nyasa. Watawala wa Kiingereza hawakucheka walipoitazama beni. Walivishuku vyama vyake, kwani waliona watu wajuao kujipanga.

Sidai kwamba beni ilikuwa malaika. Ilikula fedha za maskini kwa karamu za kukomoana, ilileta ugomvi, na walioilaumu msikitini hawakukosa la kusema. Lakini lawama hizo ni za mwendesho mbaya, na mwendesho ndio elimu tunayokataa kuifundisha.

Huko Uingereza, mwaka 1982, watu walianza kucheza michezo ya namna hii katika ngome ya Peckforton, nao huhesabiwa miongoni mwa waanzilishi. Wapenzi wa mchezo huo wa nchi za kaskazini ya Ulaya walikutana Oslo mwaka 1997, na tangu hapo hukutana na kuandika vitabu juu ya namna ya kuuendesha. Wanastahili sifa. Sisi tuliotangulia kwa miaka tisini, kitabu kikubwa cha beni tuliandikiwa na Mwingereza, Terence Ranger, mwaka 1975. Na katika madarasa yetu tumechukua maana ya tamthilia iliyokatwa kwa kipimo cha shule, tukaipimia beni, tukaiona imepungua. Huko ni kupima mtama kwa rula. Ndiyo maana wanafunzi wale walipotaka kucheza walichagua mazimwi na ngome za mawe: hakuna aliyewaambia kwamba mji wao ulikuwa na majenerali.

Nimewaambia waende Ngamiani na madaftari, waulize katika nyumba za wazee ni vyeo gani vilikuwako, vilipatikanaje, nani aliweza kumvua mtu cheo, na ugomvi ulipotokea nani alisimamisha ngoma. Wakirudi wataandika ombi upya, safari hii la Marini na Arinoti. Nami nitakuwapo kikaoni.