Jazz sio muziki wa hotelini: albamu saba, na pa kuanzia

Najua nimeadimika hapa, wiki hizi za majaribio zinatuchinja wote kwa hiyo tusilaumiane. Leo nina jambo moja ambalo nimelibishania sana huku mabwenini mpaka mdomo umechoka. Nimeona niliandike mara moja, halafu mtu akinianza tena nimwambie tu, nenda kasome.

Jambo lenyewe ni jazz. Kila nikiweka lazima apite mtu mlangoni aseme "duh, muziki wa lifti huo". Mwingine anasema ni muziki wa wazungu wanaokunywa mvinyo hotelini. Mwingine, huyu nampenda kwa sababu angalau anauliza, anasema: "Sasa mbona hawaimbi?"

Tuanze na jina, manake hapo ndipo tunapopoteana. Wengi wetu neno jazz tumelisikia kwa wazee. Kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na kule Kongo OK Jazz ya Franco. Hizo zilikuwa bendi za dansi. Jina lilitoka Marekani, ila muziki wenyewe ulikuwa rumba na mapigo ya Cuba yaliyorudi Afrika kwa njia ya santuri, yakachanganywa na ya kwetu. Mwambie babu yako "jazz", atasimama acheze. Muwekee jazz ya New York ya mwaka 1959, atakaa anasubiri mwimbaji aingie mpaka albamu iishe. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ila kila mmoja na nyumba yake.

Pili, hili la wazungu. Albamu ya jazz inayotajwa kuliko zote, Kind of Blue ya Miles Davis, ilitoka tarehe 17 Agosti 1959. Siku nane baadaye, tarehe 25 Agosti, Miles alikuwa amesimama nje ya klabu ya Birdland, New York, katika mapumziko ya onyesho lake mwenyewe. Polisi akamwambia aondoke pale. Akasema anafanya kazi humo ndani. Alipigwa kichwani akachukuliwa kituoni, na picha zake akiwa na koti lililolowa damu zipo mpaka leo. Kwa hiyo unaposema huo ni muziki wa starehe za wenye nacho, jua kwamba mwenye muziki alipigwa rungu mlangoni pa ukumbi aliokuwa anaujaza watu.

Sasa, mbona hawaimbi? Kusema kweli wanaimba sana, ila kwa vyombo. Nyimbo nyingi za miaka hiyo zina mpango mmoja rahisi: wanapiga wimbo wenyewe pamoja, kisha kila mmoja anapewa nafasi ya kusema la kwake juu ya wimbo huohuo, mwisho wanarudi kuupiga pamoja tena. Ni kama barazani. Mada imewekwa mezani, mmoja anachangia, wa pili anamjibu wa kwanza, wa tatu anatia utani, halafu mwenyekiti anafunga. Ukishajua hilo tu, nusu ya kazi umemaliza. Nusu nyingine ni kuchagua chombo kimoja, tuseme besi, na kukifuata kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukiacha. Simu iwe chali mezani. Ukisikiliza huku unachati, hata mimi nitakubali kuwa ni muziki wa lifti.

Haya, orodha. Hapa nitakosana na wengi, kwa sababu karibu kila mtu atakwambia anza na Kind of Blue. Mimi nasema hapana. Ni albamu tulivu mno. Mtu asiyezoea anaiweka usiku, analala kwenye wimbo wa pili, kesho anatuambia "si nilisema?" Anza na hii hapa.

1. Moanin', Art Blakey na Jazz Messengers (ilirekodiwa Oktoba 1958). Wimbo wa kwanza, unaobeba jina la albamu, ulitungwa na mpiga piano Bobby Timmons, na umejengwa kama ibada: piano inasema, vyombo vingine vinaitikia mara mbili kama watu wanaosema "amina". Yeyote aliyewahi kuimba kwaya au kukaa kwenye mkesha ataelewa ndani ya sekunde kumi, bila mwalimu. Halafu msikilize Lee Morgan kwenye tarumbeta. Alikuwa na miaka 20. Ishirini, jamani! Umri wa mtu wa mwaka wa kwanza au wa pili hapa, naye anaingia kwa kujiamini kama anayedai kodi ya nyumba yake. Nyuma yake Blakey anapiga ngoma kama anayemsukuma mgongoni: sema, sema tena, hujamaliza.

2. Time Out, Dave Brubeck Quartet (1959). Hii ni ya wale wanaopenda hesabu. Muziki mwingi tunaousikia unahesabika nne nne. "Take Five", aliyoitunga mpiga saksafoni Paul Desmond, inahesabika tano. Jaribu kupiga makofi uone unavyoachwa njiani. "Blue Rondo à la Turk" ina mapigo tisa, na Brubeck aliyapata kwa wapiga muziki wa mitaani Uturuki alipokuwa ziarani mwaka 1958. Na ili mjue nina haki: hawa kina Brubeck na Desmond walikuwa wazungu, na wako kwenye orodha yangu kwa sababu wanastahili.

3. Ella and Louis (1956). Hii ni ya yule aliyeuliza mbona hawaimbi. Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, sauti ya hariri na sauti ya changarawe, wakipokezana nyimbo za mapenzi taratibu kabisa, piano ya Oscar Peterson chini yao. Armstrong ndiye huyo aliyekwenda kupiga Léopoldville mwaka 1960. Sina maneno mengi. Weka jioni ya Jumapili ukiwa unafua.

4. Kind of Blue, Miles Davis (1959). Sasa uko tayari. Ilirekodiwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, New York. Bill Evans, aliyepiga piano katika nyimbo nne kati ya tano, aliandika kwenye jalada kwamba Miles alileta michoro tu ya nyimbo hizo, aliyoiandaa saa chache kabla. Hakuleta noti kamili, alileta njia, kisha akawaachia wenzake waitembee. Sikilizeni "So What": besi inauliza, wengine wanajibu kwa noti mbili. Basi. Kwa vitu vichache namna hiyo wanakaa zaidi ya dakika tisa na hakuna dakika iliyopotea.

Hapa naomba niseme na nyie wenzangu wa ualimu. Tunafundishwa kuandaa andalio la somo mpaka kila dakika ijulikane, na ni vizuri. Lakini wangapi tumekaa darasani mbele ya mwalimu ambaye andalio ndilo linamwendesha yeye? Mwanafunzi akiuliza swali ambalo halimo, anaambiwa "hilo tutaliona baadaye", na baadaye hiyo haiji. Miles alikuwa na andalio, tena fupi. Ila alikuwa na vitu viwili zaidi. Kwanza, watu waliofanya mazoezi miaka mingi, kwa sababu uhuru bila mazoezi ni kelele. Pili, masikio. Alisikiliza mwenzake amesema nini ndipo akasema la kwake. Kwa maoni yangu darasa zuri liko hivyohivyo, na tunakoenda kwenye mazoezi ya kufundisha tungefanya vizuri kukumbuka kwamba kusikiliza nako ni sehemu ya somo.

5. Mingus Ah Um, Charles Mingus (1959). Ndiyo, mwaka uleule tena, sijui walikuwa wanakula nini. Humu kuna "Goodbye Pork Pie Hat", maombolezo ya mpiga saksafoni Lester Young aliyefariki Machi mwaka huo. Ni wimbo wa msiba usio na kilio cha kujionyesha. Lakini ninaotaka mwanafunzi wa ualimu ausikie ni "Fables of Faubus". Orval Faubus alikuwa gavana wa jimbo la Arkansas. Mwaka 1957 alituma askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya sekondari mjini Little Rock. Rais Eisenhower akalazimika kupeleka jeshi ili watoto tisa waingie darasani. Mwaka wa masomo uliofuata, 1958/59, shule za sekondari za serikali za mji huo zikafungwa kabisa, ili tu weusi na weupe wasisome pamoja. Mingus akamtungia gavana huyo wimbo wa kumdhihaki. Katika albamu hii hauna maneno. Mwaka 1960 aliurudia kwa kampuni nyingine, safari hii na maneno yake makali. Sikiliza zote mbili. Mimi napenda zaidi isiyo na maneno, kwa sababu vile vyombo vinatembea kwa kuchechemea na kujivuna kama mtu mjinga aliyepewa cheo, na unamwona kabisa.

6. A Love Supreme, John Coltrane. Ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, siku ambayo sisi tunaijua kwa sababu nyingine, na ikatoka mwaka 1965. Ni sala ya shukrani yenye sehemu nne, dakika thelathini na kitu. Coltrane alikuwa ameacha dawa za kulevya mwaka 1957, na humu anamshukuru Mungu aliyemtoa huko. Sehemu ya mwisho anasoma shairi lake kwa saksafoni, silabi kwa silabi, bila kutamka neno. Usiisikilize ukiwa na haraka.

7. Uhuru Afrika, Randy Weston. Hii nimeiweka mwisho makusudi, manake ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Weston alikuwa mpiga piano wa Brooklyn, mtoto wa baba aliyemlea akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, alikusanya bendi kubwa New York akarekodi kazi ya sehemu nne kulisifu bara hili. Aliyeipanga kwa ajili ya bendi ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, katika kazi iliyojaa wanaume. Maneno aliyaandika mshairi Langston Hughes. Na sehemu zenyewe zina majina gani? "Uhuru Kwanza". "Bantu". "Kucheza Blues". Mwanzoni kabisa, kabla bendi haijashika moto, unasikia ngoma na sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisema kwa Kiswahili.

Tulia hapo kidogo. Tanganyika haijapata uhuru, umebaki mwaka mmoja na ushee. Kiswahili chetu, ambacho mpaka leo kuna mtu anaona aibu kukizungumza kwenye semina, kinafungua kazi ya jazz New York, kwa kuwa watu hao walikitafuta kwa makusudi wapate lugha ya Kiafrika ya kutangazia uhuru. Serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Waliielewa. Sisi wenye lugha, wangapi tumewahi hata kuisikia jina?

Najua atatokea wa kusema: mbona unatupeleka Marekani wakati muziki wetu wenyewe unasahaulika kwenye kanda za Radio Tanzania? Swali zuri, na jibu langu ni kwamba sikio ni lilelile. Anayeweza kukaa dakika arobaini akafuata besi ya Paul Chambers bila kushika simu, ndiye atakayeweza kukaa na kibao cha Mbaraka akasikia gitaa linasema nini chini ya maneno. Asiye na subira ya kimoja hana ya kingine. Kinachotuishia sio muziki wa kizamani, ni uwezo wa kukaa kimya mtu mwingine akisema mpaka amalize. Na sisi ndio tunakwenda kuwa walimu wa watoto wa watu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Albamu moja kwa wiki, nzima, kwa mpangilio wake, usiruke nyimbo. Wenye bando haba tupakue usiku halafu tugawane, hakuna ubaya. Anza na Moanin'. Ukifika ya saba bila kusinzia, njoo unitafute tubishane, na kama una ya nane ambayo unaona nimeionea, nayo nitajie. Ila uwe umeisikiliza mpaka mwisho.

Haya, nisiwachoshe. Majaribio mema wadau.