Figo imeshapandikizwa, dawa atalipia nani?

Desemba 2023, Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago mjini Kampala ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika historia ya Uganda, mwaka uleule ilipopatikana sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu. Miezi michache kabla ya hapo, Mei 2023, Hospitali ya King Faisal jijini Kigali ilikuwa imeanza kazi hiyo kwa upande wa Rwanda. Tanzania ilitangulia: Muhimbili mnamo Novemba 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma mwaka uliofuata. Kenya ina uzoefu wa miongo kadhaa. Mgonjwa wa ukanda huu ambaye zamani hakuwa na njia ila kuuza shamba na kupanda ndege kwenda India, leo anaweza kupasuliwa akiwa karibu na nyumbani.

Haya ni maendeleo ya kweli, na madaktari waliyoyaleta wanastahili heshima yao. Hata hivyo, kila tangazo husema ni wagonjwa wangapi wamepandikizwa. Ni nadra kusikia ni figo ngapi kati ya hizo zingali zinafanya kazi baada ya miaka mitatu au mitano.

Jibu la swali hilo haliko sana mikononi mwa mpasuaji. Mwili wa binadamu huitambua figo ya mtu mwingine kuwa ni mgeni, hata kama mtu huyo ni ndugu wa tumbo moja, nao hujaribu kuiangamiza. Kinachouzuia ni dawa za kupunguza nguvu ya kinga, kwa kawaida takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, ambazo humezwa kila siku, kwa saa maalumu, maadamu figo ile ingali hai. Hakuna siku daktari atakayosema sasa inatosha. Ubaya zaidi ni kwamba figo inayoanza kukataliwa mara nyingi haiumi. Mgonjwa aliyekosa dawa wiki mbili anaweza kujiona mzima kabisa, akaendelea na shughuli zake, huku kipimo cha kreatinini katika damu kikipanda kimyakimya. Anapokuja kuvimba miguu, huenda sehemu kubwa ya figo imekwisha kuharibika.

Takrolimasi yenyewe ina masharti. Ikizidi mwilini huidhuru figo ileile inayoilinda, ikipungua kinga huamka. Kwa hiyo kiwango chake katika damu hakina budi kupimwa mara kwa mara, na kipimo hicho hupatikana katika miji mikubwa tu. Katika nchi zetu kuna jambo jingine la kuzingatiwa, nalo ni kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya msingi ya kutibu ugonjwa huo, hushusha mno kiwango cha takrolimasi. Baadhi ya dawa za fangasi hukipandisha, na hata tunda la balungi hufanya hivyo. Mgonjwa anayeishi Arua au Kisoro akiandikiwa dawa katika zahanati ya jirani na mhudumu asiyejua kwamba ana figo ya kupandikizwa, anaweza kuipoteza bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Sasa tuje kwenye fedha. Katika jamii zetu, upasuaji una mvuto wake. Jamaa hukutana, kamati huundwa, michango huchangwa msikitini, kanisani na kazini, na siku ya operesheni simu hazikomi kulia. Lakini nani aliyewahi kuitisha harambee ya vidonge vya mwezi wa thelathini na moja? Kufikia wakati huo watu wanamwona ndugu yao amenenepa, amerudi kazini, na husema Mungu amemponya. Yeye anajua kwamba hajapona. Ameuacha ugonjwa mmoja na kuingia katika hali nyingine inayohitaji kulipiwa kila mwezi. Wapo wanaoanza kugawa dozi ili kopo la dawa lifike mwisho wa mwezi. Hawafanyi hivyo kwa uzembe, hasa wenye watoto wanaosubiri karo.

Uganda bado haina mfuko wa taifa wa bima ya afya, hivyo mzigo huu huangukia familia moja kwa moja. Majirani wamepiga hatua. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na mwanzoni mwa 2025 Rwanda ilitangaza kuuingiza upandikizaji wa figo katika huduma za bima ya jamii, maarufu kama Mutuelle.

Hesabu za Kenya zinatusaidia kuliona tatizo kwa uwazi. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024, usafishaji wa damu kwa mashine umepangiwa shilingi 10,650 za Kenya kwa kila awamu. Anayesafishwa mara mbili kwa wiki hugharimu zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa mwaka mmoja. Kiwango kilichowekwa kwa upandikizaji ni shilingi 700,000, yaani pungufu ya gharama ya mwaka mmoja wa mashine. Mfuko wowote unaomlipia mtu upandikizaji, kisha ukamwacha ajitafutie dawa, unajihatarisha wenyewe: figo ikifa, mgonjwa hurudi kwenye mashine, na ankara hurudi palepale ilipotoka.

Msikilizaji asidhani kwamba kosa hili ni la nchi maskini pekee. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1972, ilikubali kugharimia usafishaji wa damu na upandikizaji kwa karibu kila raia ambaye figo zake zimekufa. Lakini kwa wale waliopata bima hiyo ya serikali kwa sababu ya figo tu, bima ilikoma miezi 36 baada ya upandikizaji, na malipo ya dawa yakakoma nayo. Aliyeshindwa kuzinunua akapoteza figo alirudishwa katika bima, akalipiwa mashine bila kikomo. Wataalamu walilalamikia mpango huo kwa miaka mingi. Sheria ya kuurekebisha ilipitishwa mwishoni mwa 2020 na kuanza kutumika Januari 1, 2023. Ikiwa taifa tajiri kiasi hicho lilichukua muda wote huo kuona kwamba kidonge ni rahisi kuliko mashine, sisi tunaoanza leo tuna nafasi ya kuanza vizuri.

Na si kwamba hatujui namna ya kufanya. Kwa miaka mingi mamia ya maelfu ya Waganda wamekuwa wakipewa bure dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ambazo nazo humezwa kila siku kwa maisha yote. Waliopandikizwa figo ni wachache mno wakilinganishwa na hao. Kuzinunua dawa zao kwa pamoja kupitia bohari ya taifa na kuzifikisha katika hospitali za rufaa za mikoa, badala ya kumwita mgonjwa Kampala kila mwezi, kunahitaji fungu dogo la bajeti, lakini ni lazima fungu hilo litengwe kabla ya wapasuaji kuongeza idadi ya operesheni.

Mwaka 2025 wizara ya afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi kufuatia madai ya biashara ya figo. Mjadala uliofuata ulikuwa wa haki, lakini ulihusu zaidi namna figo inavyopatikana. Yule aliyeitoa kwa hiari na kwa mapenzi, dada au mjomba, husahaulika mapema kuliko hata mgonjwa. Amebaki na figo moja, naye anapaswa kupimwa shinikizo la damu, mkojo na kreatinini kila mwaka. Figo ya ndugu yake ikifa kwa kukosa vidonge, yeye hana nyingine ya kutoa, na ile aliyobaki nayo mara nyingi hakuna aliyemwita kuja kuipima.