Tumejiunga, Lakini Hatushiriki

Jumapili ya Mei 12, 2024 intaneti ilikufa. Wengi wenu mnaikumbuka wiki ile. Nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kusini kuelekea Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Hapa Arusha ulikuwa unafungua ukurasa, unakwenda kunywa chai, unarudi, kale kaduara bado kanazunguka. Hosteli nzima watu walitoka vyumbani wakawa wanapiga stori kwenye ngazi. Kuna niliowajua majina siku hiyo, na tulikuwa tumekaa korido moja tangu Novemba.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye kozi ya bure ya mtandaoni, ya walimu na wanaosomea ualimu kutoka nchi mbalimbali. Wiki nane, kila mshiriki anapangiwa kundi la watu 12, mnajadili mada ya wiki. Wiki ya tano ikanipita nzima. Nilikuwa na wasiwasi kwelikweli. Wataona nimekacha, wataniuliza niko wapi, nitajieleza vipi? Mtandao ulipotulia nikafungua huku moyo unadunda.

Hakuna aliyeuliza. Hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba sikuwepo.

Kwanza nilikasirika. Halafu nikapanda juu, kwenye mazungumzo ya wiki zote nne za nyuma, nikajitafuta. Nikajikuta: jina langu, "salamu kutoka Arusha, Tanzania", picha ya Mlima Meru, na vidole gumba saba. Basi. Sasa mtu atakumisi kwa kidole gumba?

Naandika makala haya kwa sababu ugonjwa ule haukuwa wa kwangu peke yangu. Kundi la kozi yetu mojawapo hapa chuoni lina watu 214. Semesta iliyopita nilichukua daftari nikahesabu wiki moja, Jumatatu hadi Jumapili. Matangazo ya CR, mengi. "Asante CR", mengi zaidi. "Mwenye desa la topiki ya tatu anirushie", 19. Michango ya msiba, tangazo la mtu anayeuza raba za mtumba, stika za paka. Maswali yanayohusu somo lenyewe yalikuwa mawili. Moja halikujibiwa. Lingine lilijibiwa kwa stika ya paka.

Nasema kama mtu anayesomea ualimu: kile si kikundi cha kujifunza. Ni ubao wa matangazo wenye betri.

Darasani tumefundishwa kwamba kuna watu walioliwaza jambo hili mapema. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes walifungua kozi kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Waliolipa ada na kusajiliwa walikuwa kama 25, lakini mlango uliachwa wazi na watu zaidi ya 2,000 wakaingia bure. Hoja yao, ukiivua koti la nadharia, ni kwamba kozi haikai kwenye kitini cha mwalimu. Inakaa kwenye kinachopita kati ya wanaosoma: mmoja anauliza, mwingine anapinga, wa tatu analeta mfano wa kijijini kwao. Kitini kinaanzisha tu. Miaka mitatu baadaye, 2011, Stanford ikaweka mtandaoni kozi ya akili bandia, wakajiandikisha kama 160,000. Waliofika mwisho walikuwa 20,000 na ushee. Kwa hiyo tusijione sisi ndio wavivu wa dunia. Kujiunga kumekuwa rahisi mno kila mahali, na kitu rahisi hakikushiki mkono.

Rafiki yangu wa mwaka wa tatu, ambaye tunabishana naye kila siku pale kwenye vimbweta, alinipinga kwa kitabu. Akasema Lave na Wenger waliandika mwaka 1991 kwamba kukaa pembeni nako ni kujifunza, mgeni huanzia ukingoni na si dhambi. Ni kweli waliandika. Ila turudi kwenye mifano yao. Mmojawapo ni mafundi cherehani wa Liberia. Mwanafunzi wa ufundi hapewi kukata kitambaa siku ya kwanza, anaanza na kupiga pasi na kushona vifungo. Yuko pembeni, sawa, lakini mkono wake uko juu ya nguo! Akiunguza suruali ya mteja, fundi anamwona, na mteja anamwona pia. Nenda kwa fundi yeyote wa Kilombero umtazame kijana wake. Huyo anaitwa mtu wa pembeni. Mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara akipiga picha cherehani, huyo hayupo kabisa.

Sasa niwaambie kilichotokea nilipofungua mdomo.

Nilijua Julai nakwenda TP, na shule niliyopangiwa, ya kata, juu kidogo ya Ngaramtoni, ilikuwa na darasa la wanafunzi zaidi ya 80 na ramani moja ya topografia iliyochanika kwenye mkunjo. Mada: kontua. Kontua zilinitesa mimi mwenyewe sekondari, nilikariri bila kuelewa. Wiki ya sita ya kozi nikaandika kwenye kundi, nikafuta, nikaandika tena, nikatuma saa tano usiku ili nisione aibu ya majibu. Niliuliza: nawafundishaje watoto 80 kusoma mlima kwenye karatasi, bila ramani?

Asubuhi nilikuta majibu matatu. Mawili yalikuwa viungo vya video, na kwa bando langu video ni anasa. La tatu liliandikwa kwa Kiswahili na mwalimu wa Kenya: "Mwalimu, nunua viazi."

Unachukua kiazi kikubwa, unakikata katikati, unakilaza. Unachoma vijiti viwili vya mishikaki kutoka juu hadi chini ili vipande visihame. Unapima kwa rula, kila sentimita moja ni mita mia, kisha unakata kwa ulalo. Unaweka kipande cha chini kwenye karatasi, unazungushia penseli, unatoboa alama za vijiti. Unachukua kinachofuata, unalinganisha na alama zilezile, unachora ndani ya mchoro wa kwanza. Hivyo hivyo hadi kileleni. Ukimaliza una kontua. Upande ambao kiazi kilikuwa mteremko mkali mistari imebanana, penye mteremko wa pole imeachana. Mtoto hakariri kitu, amekata mlima kwa mkono wake.

Nikanunua sado moja ya viazi Kilombero nikapanda navyo kwenye hiace, konda akiniuliza kama naenda kufungua chipsi. Ilikuwa Julai ile ya baridi, Meru ukajificha hadi saa nne. Ulipojitokeza dirishani, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, lakini Meru si mzima. Nilikuwa kwa mjomba Ngarenanyuki, ukiwa kule unaona upande umebomoka. Mistari itafungaje?"

Sikuwa nimejiandaa. Kiazi cha yule mwalimu wa Kenya kilikuwa kizima. Nikamwambia kijana aje mbele akifanye kiazi kiwe Meru. Akachukua kisu akachimba ubavu wa mashariki kutoka kileleni kushuka, mpaka kikabaki kama kwato ya farasi. Tukakata, tukachora. Mstari ukaja, ukaingia ndani ya pengo, ukazunguka kreta, ukatoka tena. Umefunga, lakini kwa safari ndefu. Darasa likapiga kelele mpaka mwalimu wa taaluma akaja kuchungulia.

Jioni nikapiga picha ule mchoro nikautuma. Kozi ilikuwa imeshaisha, ila kundi letu lilibaki. Yule mwalimu wa Kenya akasema amefundisha kontua miaka 19 na hajawahi kukichimba kiazi, na kuanzia sasa atakichimba. Mshiriki mmoja kutoka jimbo la Washington, Marekani, akaandika kwamba wana mlima wao, St. Helens, uliobomoka ubavu Mei 18, 1980, na umebaki na umbo lilelile la kwato. Tukalinganisha. Ndiyo siku niliyojua kwa nini Meru uko vile. Nimezaliwa chini ya mlima huu, nimeuona miaka 22, na nilikuwa sijawahi kuuliza. Swali lilitoka kwa kijana wa kidato cha pili, likapita kwangu, likaenda hadi Marekani, likarudi. Viazi vilivyobaki walimu tulikaanga.

Najua mtakachosema. "Dada, wewe una bando." Hapo nawapa haki yenu. Rafiki yangu wa karibu alikosa jaribio kwa sababu muda ulibadilishwa usiku, tangazo likaenda WhatsApp tu, na yeye boom lilikuwa halijaingia na simu haina hata MB moja. Alifika asubuhi akakuta wenzake wanatoka. Akaambiwa angekuwa anafuatilia kundi. Coursework yake ikabeba hilo shimo hadi mwisho, akaenda sapu. Kwa hiyo sisemi kila aliye kimya ni mzembe. Wengine wako kimya kwa sababu wamezimwa, na chuo kinachofanya kundi la simu kuwa mbao pekee ya matangazo kinapaswa kujua kinamwacha nani nje. Tangazo la mtihani libandikwe ukutani. Karatasi haiishi bando.

Lakini bando si sababu ya watu 214 kuwa na maswali mawili. Wenye bando nao wamenyamaza, nikiwemo mimi wiki zile nne. Na kuna nchi moja iliyowahi kufanya mtandao wa kujifunza bila bando kabisa, na ni hii hii.

Bibi yangu yuko Akheri. Nilikuwa namsimulia habari za kozi, akacheka, akaniambia hata wao walisoma kwa hewa. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikiwa ndiyo mratibu. Wiki 12. Watu wanakaa kwa vikundi, wanasikiliza kipindi, wanasoma kitabu, halafu wanajadili: malaria, kuhara, minyoo, kichocho. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa karibu 75,000, na walioshiriki kama milioni mbili, wakati nchi ilikuwa na watu wasiozidi milioni 15. Kikao hakikwisha kwa kusema "asante". Kilikwisha kwa kukubaliana nani anachimba choo, nani anafyeka majani, wiki ijayo mnakaguana.

"Redio ilikuwa moja, ya kwa balozi," bibi aliniambia. "Lakini kila mmoja alitakiwa aseme choo chake kiko wapi. Ukinyamaza wanakuja kuangalia."

Nimeliwaza sana hilo. Redio moja, watu kumi na tano. Sisi tuna simu kumi na tano, na hakuna anayeulizwa choo chake kiko wapi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi, kupitia waziri wa elimu, ni la kizamani. Makundi makubwa ya kozi yabaki ya matangazo, hakuna ubaya. Chini yake kila kozi igawanywe vikundi vya watu wasiozidi 12. Mmoja mwenye bando wiki hiyo anashusha kinachotakiwa na kuwarushia wenzake kwa Bluetooth au Xender, zamu inazunguka, asiye na MB anachangia kwa kuandika muhtasari. Mnakutana ana kwa ana mara moja, saa nzima. Kila mtu anakuja na swali moja. Maswali ambayo hayakupata jibu ndiyo yanapanda kundi kubwa, na ndiyo yanaenda kwa mhadhiri. Wahadhiri wetu, kwa heshima zote, nao wasiwepo humo kama wasimamizi wa mtihani. Wajibu hata "sijui, tutafute". Na madesa yaendelee kuzunguka, mimi si malaika, nimepona semesta nyingi kwa madesa. Ila desa ni jibu la swali ambalo wewe hukuliuliza.

Kuna hatari moja sitaificha. Vikundi vidogo vinaweza kugeuka mahali pa watu wawili kufanya kazi na kumi kuandika majina. Tumeliona kwenye kazi za makundi. Kwenye Mtu ni Afya choo kilionekana kwa macho. Sisi cha kuonekana ni swali lililoandikwa na jina la aliyeuliza. Asiye na swali wiki mbili mfululizo, wenzake wamfuate chumbani kwake, si kumshitaki, kumuuliza kama yuko salama. Pengine ndiye yule aliyeishiwa.

Sisi wa ualimu wa Jiografia tumeanza, tuko tisa, kila Jumanne saa kumi jioni nyuma ya maktaba. Swali tulilokwama nalo sasa ni hili: utamfundishaje majira manne ya kitabuni mtoto wa Ngaramtoni ambaye anajua masika, vuli, kiangazi na baridi ya Julai, na theluji anayoijua ni ile ya Kilimanjaro ikionekana asubuhi kwa mbali? Mwalimu wa Kenya nimeshamwandikia, anasema naye amekwama. Mwenye wazo aje Jumanne, au ampe CR wetu kwa karatasi.