Msiniagize ekzosi ya kelele

Najua nimekaa kimya muda mrefu, zamu za usiku huku zinatumaliza, lakini leo nina hasira kidogo na nitaandika nayo hivyo hivyo. Mwezi huu peke yake nimepata maombi matatu kutoka nyumbani. Siyo ada ya shule, siyo dawa ya bibi. Ekzosi! Vijana watatu wa bodaboda, wawili wa damu yangu na mmoja mwenzao wa kijiweni pale Msamvu, wanataka niwatafutie huku Uingereza bomba la pikipiki lenye mlio mkubwa, "kama zile za wazungu kwenye video, anko." Mmoja ameongeza kwamba nikishindwa basi nitume hela tu, kuna fundi wa kuchomelea atalitoboa lililopo na kulitoa utumbo wote, kazi ya nusu saa.

Jibu langu ni hapana kwa yote mawili, bomba na hela. Naliandika hapa liwafikie wote kwa mpigo, nisije nikalirudia kwenye kila simu.

Kwanza niseme wazi, sisemi mlio wa pikipiki hauna utamu. Unao! Ikipita Harley ya zamani inaunguruma taratibu, hata mimi nageuza shingo. Kwa hiyo msije mkasema mjomba amezeeka, amekuwa mzungu, hapendi raha. Hoja yangu ni nyingine kabisa. Wale mnaowaona kwenye video na nyinyi mnaoendesha Boxer kuanzia alfajiri hamfanyi kitu kimoja, ingawa vyote vinaitwa pikipiki.

Huku Bradford nawaona kila Jumapili jua likitoka (na jua lenyewe ni la kubahatisha). Mtu ana kazi yake ya ofisini, ana gari lake, pikipiki ni mchezo. Anaitoa bandani, anazunguka milimani saa mbili tatu, anakunywa chai na wenzake, anairudisha bandani. Basi, mpaka wiki nyingine, na mvua ikinyesha mpaka mwezi mwingine. Na sasa sikilizeni jambo ambalo video haiwaonyeshi: wengi wao chini ya helmeti wameziba masikio. Ndiyo! Vizibo vya sponji, vile vile tunavyovaa sisi kiwandani. Kwenye barabara kuu upepo peke yake ndani ya helmeti unapita desibeli 90, na waendeshaji wazoefu wanalijua hilo. Kwa hiyo mwenye bomba la kelele analinda masikio yake, anayeisikia kelele yote ni sisi wengine tuliolala. Wewe mpwa wangu utavaa vizibo halafu abiria akuambie "niache pale kwa mangi" utamsikiaje?

Halafu msidhani huku ni ruksa. Sailensa iliyopigwa chapa kwamba si ya barabarani inaangushwa kwenye ukaguzi, na pikipiki yenye umri wa miaka mitatu na kuendelea inakaguliwa kila mwaka. Polisi akikukamata na ekzosi yenye kelele kuna faini ya papo hapo, paundi 50. Usipoiambia bima kwamba umebadilisha kitu kwenye pikipiki, siku ya ajali wanaweza kukukana. Mwaka 2022 serikali ilijaribu kamera za kelele, zina maikrofoni na video pamoja, zinanasa mlio na namba ya chombo. Waliziweka Bristol, Great Yarmouth, Rubery kule upande wa Birmingham, na huku kwetu Bradford. Wajanja wana dawa yao: wananunua bomba lenye kizibo cha ndani kinachofunguliwa kwa skrubu moja, siku ya ukaguzi kinarudishwa, wakitoka getini kinang'olewa. Hao ndio mnaotaka kuwaiga. Watu wanaojua wanachofanya ni kero, ndiyo maana wanakificha.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, masikio. Mimi nafanya kazi kwenye mashine. Kwa sheria ya kelele kazini ya mwaka 2005, wastani wa kelele ya siku ukifika desibeli 85 mwajiri analazimika kunipa kinga ya masikio na kuhakikisha naivaa. Siyo hisani, ni sheria. Nikivua msimamizi ananifokea kama mtoto. Na nchini Marekani taasisi yao ya usalama na afya kazini, NIOSH, inasema hivi: desibeli 85 zivumiliwe saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Yaani 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1 tu, na 100 ni dakika 15. Desibeli haziongezeki kama shilingi, mtu akikuambia "imepanda kumi tu" ujue sikio linaisikia kama mara mbili.

Tuseme bomba lako lililotobolewa linakufikia sikioni kwa 94. Umetoka nyumbani saa 12 asubuhi. Saa 1 asubuhi umeshamaliza haki ya masikio yako ya siku nzima, na hesabu ya bosi hujaifikia hata robo! Bado saa kumi na moja za kazi. Kesho tena, keshokutwa tena, Jumapili pia maana Jumapili kuna harusi. Mzungu wa Jumapili anayapa masikio yake wiki nzima kupumzika. Wewe unayapa usiku mmoja, na usiku huo una muziki wa baa ya jirani.

Vile vinyweleo vidogo ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Hakuna dawa, hakuna mti shamba, hakuna operesheni ya kuvirudisha. Na havifi kwa kishindo kwamba siku moja umeamka kiziwi. Zinaanza kupotea sauti nyembamba. Unasikia mtu anaongea lakini huelewi amesema nini, unabaki "eeh? eeh?" kama babu. Usiku ukilala unasikia nyenje kichwani na nyenje hawapo. Kijana wa miaka 22 ambaye mtaji wake wote ni miguu miwili, macho na masikio, auze masikio kwa ajili ya sifa za kijiweni? Jamani.

Najua hoja mtakayonirudishia maana mmoja ameshaitoa, tena kwa Kiingereza: kelele huokoa maisha, wenye magari wakikusikia wanakukwepa. Huku nako wanaisema, wameibandika mpaka kwenye makoti. Lakini angalieni bomba la pikipiki limeelekea wapi. Nyuma! Kelele nyingi inamwendea uliyekwisha kumpita. Mwaka 1981 ulitoka utafiti mkubwa wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliochunguza ajali 900 za pikipiki Los Angeles na kandokando yake. Kwenye ajali zilizohusisha chombo kingine, theluthi mbili zilitokea kwa sababu yule mwingine alimwingilia mwenye pikipiki kwenye haki yake ya kupita. Hatari nyingi zilikuwa mbele, kwa mtu ambaye hakuiona pikipiki. Na walichokiona kinasaidia ni taa ya mbele kuwashwa mchana na koti la rangi kali, njano, machungwa au nyekundu. Taa unayo tayari. Kizibao cha kung'aa nacho mnacho, mnakikalia kwenye siti kisichafuke!

Na aliyejaza masikio mlio wake mwenyewe hasikii honi ya lori nyuma yake.

Kuna na hii ya nguvu. "Anko, ikitobolewa inavuta." Haivuti, inapiga kelele, na kelele inadanganya makalio. Ekzosi siyo bomba tupu la kutolea moshi. Ndani kuna vyumba na vitundu, mawimbi ya sauti yanagongana humo yanauana, na urefu wake umepimwa uendane na injini. Ukitoa utumbo wote unabadilisha namna hewa inavyopita, na kabureta yako bado ina jeti ile ile ya kiwandani. Mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi mafuta kidogo, injini inachemka zaidi, ukiachia mafuta kwenye mteremko inapiga mafataki. Nyinyi mnaita mafataki hayo sifa. Pikipiki za mashindano wanabadilisha bomba, kweli, lakini wanabadilisha na mafuta yanavyoingia, wanapima kwenye mashine, na wana injini ya nguvu za farasi zaidi ya 200. Boxer 150 ina farasi 12 hivi. Unatafuta nini humo?

Lingine ni la mtaani. Mnasema abiria wanawajua kwa mlio. Wanawajua, ndiyo, na mama mwenye mtoto mgongoni anakupita anakwenda kwa yule mwenye pikipiki tulivu, ila hakwambii kwa sababu ana adabu. Nikipiga simu saa 4 za usiku kwenu nasikia mabomba yanapita mpaka dada yangu ananyamaza katikati ya sentensi kusubiri. Huyo dada ana presha. Nyumba zetu siyo za vioo viwili kama za huku, dirisha ni nondo na neti ya mbu. Mtoto anashtuka, mzee anashtuka, mgonjwa aliyepata usingizi kwa shida anaamka, na wote hawana kamera ya serikali ya kuwasemea. Huku mwenye kukerwa anaandika barua halmashauri. Kule anavumilia tu, maana anayepiga kelele ni mtoto wa jirani na kesho watakutana msibani.

Kwa hiyo nitatuma helmeti mbili zenye vioo vizima, na balbu za mbele tatu. Ekzosi situmi. Na wewe mpwa wangu mkubwa, pikipiki yako bado ni ya mkataba, kadi iko kwa bosi mpaka umalize. Kabla hujampelekea fundi wa kuchomelea, nenda kwanza kamwombe bosi ruhusa ya kutoboa mali yake, halafu unipigie uniambie amejibu nini.