Ushujaa Pekee Haumtoi Mzamiaji Melini

Ndugu askari, Ziwa Victoria ni letu sote majirani, na misiba yake ni yetu. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakaangamia mamia ya watu. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa ndani yake fundi mmoja, yu hai. Kazi kama hiyo yaweza kutufikia wakati wowote.

Basi tusidhani kila ajuaye kuogelea aweza kuingia katika meli iliyozama. Humo mna giza; teke moja huinua tope, na mlango usionekane tena. Mzamiaji aliyefunzwa hufunga kamba mlangoni, aifuate arudipo. Hewa huigawa mafungu matatu: la kuingilia, la kutokea, na la akiba. Tena ziwa letu li zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hesabu za kupanda polepole zilizotungwa kwa ajili ya baharini hazitufai bila kurekebishwa.

Hayo hayafundishwi siku ya msiba. Twataka yawe mazoezi ya kudumu vikosini, kwanza bwawani, macho yamefungwa, kamba mkononi. Kumtuma asiyefunzwa ni kuongeza maiti.