Hati Isiyopimwa ni Ngao ya Karatasi

Ndugu wachimbaji na wenyeji wa Kongolo, leo twazungumza juu ya mali isiyopakiwa kwenye gari la moshi: mali ya akili.

Fundi akibuni chombo kipya cha kuoshea kasiteriti, sheria yampa njia ya kukilinda. Njia hiyo ni hataza, yaani hati ya serikali inayowakataza wengine kukitengeneza au kukiuza bila ruhusa yake, kwa muda wa miaka 20. Je, hati hiyo ina uzito gani?

Sheria yetu ni ile namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Yataka mambo matatu. Kitu kiwe kipya. Kiwe tunda la ubunifu, si jambo ambalo fundi yeyote mzoefu angelifikia bila taabu. Tena kiweze kutengenezwa au kutumiwa katika kazi. Masharti ni mema, lakini nani huyapima kabla hati haijatolewa? Hakuna. Hutazamwa tu kama karatasi zimekamilika na ada imelipwa. Kama kitu si kipya, hilo litajulikana baadaye, mbele ya hakimu.

Desturi hii hatukuizaa sisi. Sheria ya Wabelgiji ya mwaka 1854 ilitoa hati vivyo hivyo, bila kupima, na hasara ikawa juu ya mwombaji. Mwaka 1960 tulibadili bendera. Mwaka 1982 tukaandika sheria yetu wenyewe, na desturi ile tukaiacha palepale.

Anayeumia ni nani? Tajiri ana mawakili. Aweza kuchukua chombo ambacho mafundi wetu wamekitumia miaka mingi, akakiandikisha kwa jina lake, kisha akatushtaki. Mchimbaji atamlipa wakili kwa nini?

Wako watakaosema kwamba hata wanaopima hukosea. Ni kweli. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya, mjini Munich, iliwapa kampuni ya W. R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani hati juu ya mafuta ya mwarobaini ya kuzuia ukungu wa mimea. Wapinzani, akiwamo Vandana Shiva wa India, wakaleta ushahidi kwamba jambo hilo halikuwa jipya. Mwaka 2000 hati ikafutwa, na mwaka 2005 rufani ikakataliwa. Kosa lilirekebishwa kwa sababu mlango wa kupinga ulikuwa wazi.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania imo katika ARIPO, shirika lenye makao Harare, ambako wataalamu huyapima maombi kabla ya kutoa hati. Kongo yetu haimo.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Serikali ipime kabla ya kutoa, kwa wapimaji wake au kwa kushirikiana na jirani. Tena maombi yatangazwe hadi mikoani, ili raia apate nafasi ya kupinga.

Nanyi mafundi, msingoje. Chora chombo chako, andika tarehe, weka mashahidi. Usikitembeze sokoni kabla ya kuomba hati, maana kilichokwisha kuonekana na watu wote chaweza kuhesabiwa si kipya tena. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.